Je, maktaba ya chuo inunue vitabu vya rejea vya lugha za programu?

Mtunza_Rafu:

Habari zenu wanajukwaa. Ninasimamia maktaba ya chuo kidogo cha ufundi mkoani Iringa, na mwaka huu tumepata fungu la fedha ambalo kwa masharti ya mfadhili ni la vitabu vya karatasi peke yake. Haliruhusiwi kuhamishiwa kwenye kompyuta, bando wala huduma za kulipia mtandaoni. Walimu wa TEHAMA wameniletea orodha ya vitabu vya rejea vya C, Java, Python, PHP na JavaScript. Vingi ni vile vinene vyenye kurasa elfu moja na zaidi, ambavyo bei ya kimoja, ukijumlisha na usafirishaji, ingetosha kununua vitabu kadhaa vya hisabati au vya umeme.

Kinachonitia shaka ni rafu yenyewe niliyoikuta. Vitabu vya umeme vya miaka ya tisini bado vinaazimwa hadi majalada yanachanika, lakini vya kompyuta vinachukuliwa wiki ya kwanza ya muhula, vinarudishwa, na haviguswi tena. Kuna vya Python vinavyomfundisha mwanafunzi kuandika print bila mabano na kumwambia kwamba 3/2 ni 1, wakati kompyuta iliyo mbele yake inamjibu 1.5. Wakati huohuo, maabara yetu haina kompyuta za kumtosha kila mmoja, bando kila mtu anajinunulia, na mtihani wa nadharia bado unamtaka mtahiniwa aandike msimbo kwa kalamu.

Ninaomba maoni ya watu wanaoifanya kazi hii kila siku. Je, vitabu vya namna hii mnavifungua, na mkivifungua huwa mnatafuta nini hasa? Tafadhali msinijibu kwamba kila kitu kipo Google. Hilo nimeshaambiwa na kila niliyemuuliza.

Fundi_Mtandao:

Salamu, Mtunza_Rafu. Vile vinene usivinunue. Sisemi hivyo kwa kudharau vitabu, bali kwa sababu waandishi wake wenyewe wamekwisha kuiacha kazi hiyo. Mfano mzuri ni Java in a Nutshell: toleo la tano, la mwaka 2005, lilikuwa na kurasa zaidi ya 1,200, na sehemu kubwa ilikuwa orodha ya klasi na methodi za Java, toleo la sita lilipotoka mwaka 2014 orodha hiyo ilikuwa imeondolewa na kitabu kikabaki na kurasa takriban 400. JavaScript: The Definitive Guide nacho kilipita njia hiyohiyo, kwani toleo la mwaka 2011 lilizidi kurasa 1,000, na lile la mwaka 2020 likapungua hadi kama 700 baada ya sehemu ya rejea kuachwa nje. Kama mwandishi ameona hakuna haja ya kuichapisha orodha, sioni kwa nini chuo cha Iringa kiinunue.

Ukitazama kasi ya mabadiliko utaona sababu. Python hutoa toleo jipya kila mwaka, kwa kawaida mwezi Oktoba. Toleo la 3.12, la mwaka 2023, liliondoa distutils (zana ya kufungasha programu za Python), la 3.13, la mwaka 2024, liliondoa moduli kadhaa za zamani zikiwemo cgi na telnetlib, na kwa hiyo sura nzima za vitabu vilivyofundisha kutengeneza kurasa za wavuti kwa cgi hazina tena cha kuzitegemea. Mwongozo rasmi wa maktaba ya kawaida ya Python ukiupakua kwa PDF una zaidi ya kurasa 2,000. Hata ukiupata bure, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeuchapisha kila Oktoba.

Kuhusu intaneti, si lazima iwepo. Mwanafunzi aliyekaa mbele ya Python akiandika help(str.split) anapata maelezo papo hapo bila bando, na kwenye Linux amri ya man 3 printf inamfungulia ukurasa wa maelezo ya printf, funksheni ya C ya kuchapa maandishi, hata kama mnara umezimika, ilimradi kurasa hizo zimesakinishwa. Nyaraka rasmi za Python zinapakuliwa zote kwa faili moja, na programu ya Zeal inahifadhi kwenye kompyuta nyaraka za lugha nyingi kwa pamoja. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikawa ya shida nchini kote, waliokuwa na nyaraka hizo kwenye kompyuta waliendelea na kazi. Zaidi ya hapo, nyaraka zinazokuja pamoja na toleo lililosakinishwa zinalingana na toleo hilo hasa. Kitabu kinalingana na toleo alilokuwa nalo mwandishi siku alipopeleka mswada kwa mchapishaji.

Kiambatisho_A:

Ndugu Fundi_Mtandao amesema kweli kuhusu aina moja ya kitabu, ile ya orodha ya funksheni. Orodha ya funksheni haina tena sababu ya kuwa kwenye karatasi, na hapo hatubishani. Ila kuna aina ya pili ambayo nayo inaitwa rejea, nayo ni ile inayoeleza sheria za lugha yenyewe: ni opereta ipi (alama kama + au ==) inatangulia, aina moja ya namba inageuzwaje kuwa nyingine, jina linaonekana kuanzia wapi hadi wapi, pointa na safu vinahusianaje. Sheria hizi hazibadiliki kila Oktoba. Katika C nyingi ya hizo hazijabadilika tangu kabla baadhi yetu hatujazaliwa.

Ninaandika programu za vidhibiti vidogo vinavyosimamia pampu za maji, na nitatoa mfano wa kazini. Kijana mmoja alileta msimbo wenye mstari huu:

if (hali & 4 == 4) zima_pampu();

Alikusudia kuuliza kama biti ya tatu (tarakimu ya 0 au 1) ya kigeu hali, ile inayoashiria kwamba tangi limejaa, imewashwa. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ilipokea bila neno, pampu ikawaka, tangi likajaa, na pampu ikaendelea kusukuma. Lakini mara mojamoja ilizimika yenyewe tangi likiwa nusu. Alikagua nyaya, akabadilisha kihisi, kisha akaandika swali lake mtandaoni kwa namna zote alizoweza, na majibu yote aliyopata yalihusu vihisi, kwa kuwa hicho ndicho alichouliza.

Jibu liko ukurasa wa 53 wa toleo la pili la The C Programming Language cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie, katika jedwali la mistari 15 linalopanga opereta zote za C kwa utangulizi wake. Ukishusha kidole kwenye jedwali hilo unakutana na == kabla hujafika kwenye &. Maana yake kompaila inaanza na 4 == 4, inapata 1, kisha inauliza hali & 1, yaani biti ya kwanza, ambayo kwenye mtambo wetu ilikuwa ya mlango wa sanduku la umeme. Pampu ilizimika mlango ulipofunguliwa. Mabano mawili yalimaliza kazi: if ((hali & 4) == 4).

Kijana yule hakujua kwamba tatizo lake linahusu utangulizi wa opereta, na asingeweza kulitafuta kwa jina hilo. Kitafutio, hata kiwe hodari namna gani, kinaanzia pale muulizaji alipo. Jedwali la ukurasa mmoja linamweka karibu na vitu ambavyo hakuvitafuta, na faharasa iliyotungwa na binadamu anayeijua lugha humpeleka msomaji kutoka kwenye neno analolijua hadi kwenye lile asilolijua. Tangu hapo jedwali lile limebandikwa ukutani karakana, na wala si mimi niliyelibandika.

Kitabu hicho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1978, na toleo la pili mwaka 1988 ili kiendane na C ya ANSI (shirika la viwango la Marekani) iliyokuwa inakamilishwa. Hakifiki kurasa 300. Kiambatisho cha kwanza ni sheria za lugha, cha pili ni maktaba ya kawaida. Vipo vilivyopitwa: funksheni ya gets iliondolewa kabisa katika kiwango cha C11 (cha mwaka 2011) kwa kuwa haina namna ya kuzuia maandishi yasimwagike nje ya nafasi yake, na mambo mengi ya C99 na kuendelea hayamo. Lakini mwalimu anaweza kuyaandika hayo kwa penseli ndani ya jalada, na orodha ikamtosha ukurasa mmoja.

Kwa lugha ya Go, kitabu cha Alan Donovan na Kernighan cha mwaka 2015 kilitangulia mfumo wa moduli uliokuja mwaka 2018 na aina za jumla zilizoongezwa katika Go 1.18 mwaka 2022, ila kwa kuwa watunzi wa Go waliahidi tangu toleo la 1 la mwaka 2012 kutovunja programu za zamani, sehemu kubwa ya mifano yake inakompailika hadi leo. C++ ni habari tofauti. Toleo la nne la kitabu cha Bjarne Stroustrup, mtunzi wa lugha hiyo, la mwaka 2013, lina kurasa zaidi ya 1,300 na linaishia kwenye C++11. Tangu hapo vimetoka viwango vinne. Kwa chuo chenu lipite tu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama kitabu kina manufaa, uliza lugha husika imeahidi nini juu ya programu za jana.

Binti_Kisauni:

Mimi ninaandika PHP hapa Mombasa, na ningependa kuongeza jambo ambalo hamjaligusa: kuna vitabu vya rejea ambavyo kuwa navyo rafuni ni hatari kuliko kutokuwa navyo. Vyuo vyetu vingi hupokea maboksi ya vitabu vya msaada, na ndani yake hamkosi vile vya PHP vya kati ya mwaka 2000 na 2010. Karibu vyote hufundisha kuuliza hifadhidata hivi:

mysql_query("SELECT * FROM wanafunzi WHERE jina = '" . $_POST['jina'] . "'");

Familia nzima ya funksheni za mysql_ ilitangazwa kuwa ya kuachwa katika PHP 5.5 mwaka 2013, na PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015 zilikuwa zimeondolewa. Mwanafunzi wa leo akinakili mstari huo, PHP inamjibu kwamba funksheni hiyo haipo. Laiti mambo yangeishia hapo! Rafikiye anamwambia aongeze herufi i ili iwe mysqli_query na atangulize jina la muunganisho, naye anafanya hivyo, ukurasa unafunguka, anafurahi. Kilichobaki bila kuguswa ni ule ubandikaji wa maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya swali. Mtu yeyote akiandika ' OR '1'='1 kwenye kisanduku cha jina, anapewa orodha ya wanafunzi wote. Nimekagua tovuti za biashara ndogo zilizoandikwa kwa mtindo huuhuu, na ukiusoma msimbo wake unatambua kabisa kwamba kitabu cha zamani kilitumika, kwa kuwa hata majina ya vigeu ni yaleyale ya mfano wa kitabuni.

Kitabu cha zamani cha C humnyima msomaji mambo mapya, lakini cha zamani cha PHP ni dawa iliyokwisha muda: bado iko kwenye chupa yake safi, na mgonjwa hana namna ya kujua. Ningekuwa wewe, Mtunza_Rafu, ningeanza kwa kutoa kwenye rafu kila kitabu cha PHP kilichotangulia toleo la 7, na wala nisingevigawa kwa shule nyingine.

Kwa upande wa hifadhidata zenyewe, nunua bila woga. Kanuni za kupanga majedwali, funguo, na SELECT yenye JOIN ni zilezile zilizowekwa kwenye kiwango cha SQL cha mwaka 1992 au kabla yake, na kitabu kizuri cha nadharia ya hifadhidata kitawafaa hata wanafunzi watakaokuja kuacha PHP kabisa.

Mtunza_Rafu:

Nawashukuru nyote, na hasa dada wa Kisauni, kwa kuwa maboksi hayo ninayo na nilikuwa nimeanza kuyapanga. Nina maswali mawili. Mwaka wa kwanza wetu wanaanza na Python, si C, na Fundi_Mtandao ameonyesha kwamba Python haitulii. Je, kwa Python nisinunue chochote? La pili: kuna mwalimu amependekeza tupakue vitabu na kuvitoa kopi stesheneri. Mimi sitaki kuiweka maktaba kwenye matatizo ya hakimiliki, wala sijui kama mfadhili ataukubali mpango huo.

Fundi_Mtandao:

Kuhusu hakimiliki, vipo vitabu ambavyo waandishi wake wameruhusu vinakiliwe. Think Python cha Allen Downey na Eloquent JavaScript cha Marijn Haverbeke vimetolewa kwa leseni za Creative Commons zinazoruhusu kunakili pasipo biashara, kwa hiyo chuo kikivichapisha na kuwapa wanafunzi bila kutafuta faida hakijavunja sheria. Soma tu masharti ya toleo unalolipakua, na uache jina la mwandishi na maelezo ya leseni pale yalipo. Kitabu rasmi cha lugha ya Rust nacho leseni yake ni huru, ingawa sidhani kama mwaka wa kwanza wanakihitaji. Mafunzo rasmi ya Python, yale ya utangulizi na si mwongozo wa maktaba, hayafiki kurasa 200, na leseni yake inaruhusu. Hayo ningeyachapisha na kuyatia jalada gumu. Mfadhili mwandikie barua umuulize kama gharama ya kuchapisha inahesabika kuwa ya vitabu. Wengi hukubali wakiulizwa mapema.

Python haitulii kwenye moduli za pembeni, lakini kiini chake, yaani orodha, kamusi, vitanzi, funksheni na klasi, kimetulia vya kutosha tangu watu walipohama kutoka Python 2, ambayo ilisitishwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Nunua kitabu kimoja cha kufundishia kilichoandikwa kwa Python 3 tangu mwanzo, kisha sehemu ya rejea waachie help() na nyaraka zilizopakuliwa.

Kwa Mzee Kiambatisho_A, kwa heshima: kijana wa pampu angewasha -Wall (chaguo la kuwasha maonyo) kwenye kompaila ya gcc angeonywa kuhusu mstari ule kabla hata hajafika kwenye tangi. Na siku hizi wengi wangemuuliza roboti wa akili mnemba, ambaye angeuona mara moja.

Kiambatisho_A:

Angeonywa, kweli, na sasa -Wall ni sharti kwetu. Lakini onyo lile hupendekeza mabano bila kueleza sheria, na nimewaona wanaoongeza mabano mahali pasipostahili ili onyo linyamaze. Akili mnemba nayo ninaitumia. Mara nyingi husaidia, na mara nyingine hunitajia kwa ujasiri funksheni ambayo haimo kwenye maktaba yoyote. Anayepokea jibu kama hilo anahitaji mahali pa kulithibitishia, pawe kwenye man au kwenye karatasi. Hapo wewe na mimi tunakubaliana zaidi kuliko inavyoonekana.

Kwa Mtunza_Rafu: badala ya nakala mojamoja za vitabu vitano vinene, chukua nakala nyingi za kimoja chembamba. Rejea inafaa ikiwa mezani wakati swali linazuka, na nakala moja ya kuazima kwa zamu inamfikia mwanafunzi wakati swali limeshapita. Nakala mbili zibaki maabara, zisiazimwe. Na kwa kuwa mtihani wenu ni wa kalamu, mwanafunzi aliyezoea kusoma msimbo kwenye ukurasa bila kidokezo cha kihariri atakuwa na nafuu.

Tahadhari ya mwisho kuhusu The C Programming Language. Yapo matoleo mawili, na ya kwanza bado yanazunguka, hasa kwa kopi za stesheneri ambazo hazina ruhusa ya yeyote. Hakikisha jaladani kuna maandishi ANSI C, ambayo ni alama ya toleo la pili. Toleo la mwaka 1978 linatangaza aina za vigezo nje ya mabano ya funksheni, kwa mtindo ambao kiwango cha C23 kimeuondoa kabisa, na GCC 15 iliyotoka mwaka 2025 inatumia C23 usipoipa maelekezo mengine. Mwanafunzi mwenye toleo hilo atanakili mfano sahihi wa mwaka 1978 na kompaila itaukataa, isipokuwa aongeze -std=c89 kwenye amri yake.